Ofisi ya Ghorofani, Soko la Unga la Bwera

Wananchi wote wa Kasese, Bulembia, Hima na kandokando yake walitangaziwa kwa gari la vipaza sauti, siku tatu mfululizo, kwamba maendeleo yameamua kuonekana. Tangazo lilitungwa na Bwana Tsongo mwenyewe, Mkuu wa Idara ya Sura ya Maendeleo. Kazi ya idara hiyo ni kuhakikisha kwamba kila kinachotarajiwa kujengwa kina picha nzuri, kwa maana jengo lisilo na picha ni kama bibi harusi asiye na shela, watu watamdhania mpita njia.

Picha ya kwanza iliyohitajika ilikuwa ya soko la unga la Bwera. Soko la zamani lilikuwa limebomolewa mwezi wa kwanza, kwa utaratibu mzuri sana, ili kupisha jipya. Jipya lilikuwa na kila kitu isipokuwa kujengwa. Wanawake thelathini wauzao unga wa muhogo walikuwa wamehamia kando ya barabara iendayo mpakani, wazi kabisa, na mvua za masika zilikuwa zinapiga hodi. Mwenyekiti wao, Mama Loyi, alifunga safari hadi Kasese akaweka mfuko wa plastiki juu ya meza ya Bwana Tsongo.

"Angalia, Shefu. Ile ilikuwa unga. Mvua ya siku moja tu, sasa iko uji ya baridi. Sisi tunataka mabati."

"Mama Loyi, huwezi kuomba mabati kabla ya sura. Kwanza tunatoa picha. Kampala wakiona picha, soko inaanza kuja."

"Inakuja na miguu?"

"Inakuja na taratibu," alisema Bwana Tsongo, akausogeza mfuko mbali na mafaili.

Ni haki tuseme kwamba Bwana Tsongo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kiu moja tu, nayo ilikuwa imemkausha koo kwa miaka kumi na sita: alikuwa Mkuu, akataka kuwa Mkurugenzi. Wasiojua utumishi watauliza tofauti ni nini. Mkurugenzi hukaa ghorofani. Bwana Tsongo alikuwa anakaa chini, mlango wa pili baada ya stoo ya mifagio, na kila asubuhi alisikia viatu vya wakubwa vikitembea juu ya kichwa chake.

Kamati ya kuchagua programu ya kompyuta ya kutolea picha iliundwa, watu kumi na mmoja, ikakaa vikao vinne pamoja na sambusa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na katika kamati hii wengi walikuwa na upara. Programu ya kwanza ilikuwa ya haraka, lakini ilionyesha vivuli, na mjumbe mmoja akahoji kama ni busara jengo la umma kuonekana lina upande wa giza. Ya pili ilisifiwa na Gorret, mchoraji ramani wa idara, binti mwenye maneno machache. Alisema ukiiambia kiwanja kinainamia wapi na mvua inatokea upande gani, yenyewe itakuonyesha maji yataingilia mlango upi. Kamati iliikataa kwa kauli moja kwa utovu wa nidhamu.

Ya tatu ilikuja na watu mia nane ndani yake, tayari wametengenezwa. Walikuwa wasafi, wanatabasamu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anauliza kitu. Hiyo ikapita.

Yakafuata mafunzo ya watumishi, wiki tatu, katika hoteli moja ya Kasese mjini. Mkufunzi, Bwana Kilama, alitoka Kampala akiwa na kompyuta moja. Wanafunzi walikuwa ishirini na wanne: madereva, mtunza stoo, mama wa chai na walinzi. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja, waliobaki walichorewa vibonyezo kwenye karatasi za manila, wakawa wanabonyeza karatasi kwa bidii hadi zikatoboka.

"Na yule atakayefanya kazi yenyewe yuko wapi?" aliuliza Bwana Kilama siku ya nane.

"Gorret? Yeye iko kazini," alijibu Bwana Tsongo. "Kumfundisha mtu anayejua ni kupoteza rasilimali."

Wote ishirini na wanne walipewa vyeti. Mlinzi wa getini, Afande Okot, alielimika kiasi cha kuwauliza wageni wanataka kuingia kwa pembe ipi.

Kisha Gorret akaketi kutoa picha. Picha moja ilichukua saa kumi na tisa, umeme ukiwa na adabu, na umeme wa juma lile haukuwa nayo. Bwana Tsongo alisimama nyuma yake kuanzia mwanzo, akitoa miongozo. Matope yaondolewe. Mbingu iongezwe. Milima ya Rwenzori isogee karibu, mbali vile inaonyesha dharau.

"Halafu hawa watu mia nane, hakuna mwenye cheo. Niweke mimi."

"Wapi, bosi?"

"Juu. Dirisha ya tatu."

"Bosi, ile soko ni ya chini tu. Haina juu."

"Basi iwe nayo. Ofisi moja, ndefu, kuanzia mwanzo wa soko mpaka mwisho."

Gorret alimwekea ghorofa. Akamweka dirishani, tai nyekundu, uso wa mtu aliyeshiba. Chini kabisa ya picha akaandika kwa herufi ndogo kwamba jengo hili ni la kubuni, bado halijajengwa. Bwana Tsongo aliyaona maneno yale, akaagiza yafutwe kwa kuwa yalikuwa yanachafua nyasi.

Picha ikaenda Kampala ikiwa imebanwa kwenye barua ya kurasa tisa iliyoomba, katika ukurasa wa nane, ruhusa ya kuanza ujenzi. Mkaguzi Mkuu, Bi Natukunda, ni mtu mwenye shughuli nyingi. Aliitazama picha, akairuka barua. Jibu lake lilifika haraka kuliko jibu lolote katika historia ya idara: soko limepokelewa, faili limefungwa, hongera. Na kwa kuwa Bwana Tsongo ameonekana tayari yuko kazini, anathibitishwa kuwa Mkurugenzi wa Soko hilo kuanzia Jumatatu, ofisi yake ghorofani. Gorret ashike nafasi yake Kasese.

Bwana Tsongo aliisoma barua ile mara tatu. Alifurahi, alifurahi kweli, machozi yakamtoka. Ilipofika jioni ndipo akakumbuka kitu, akakaa chini polepole.

Jumatatu alisimama kiwanjani Bwera na mkoba wake. Palikuwa na nyasi, visiki vya nguzo za zamani na mbuzi wawili. Akapiga simu.

"Madam, kuna tatizo dogo. Jengo haiko."

"Bwana Tsongo, picha yako imepitishwa na kamati ya watu kumi na mmoja. Wewe unayesema haiko, mko wangapi?"

"Niko peke yangu, Madam."

"Basi hujatimiza akidi. Nakuja kukagua Ijumaa. Nataka nikukute dirisha la tatu. Mkurugenzi nisiyemkuta ofisini namwandika mtoro, na cheo kinarudi Kampala."

Alikata simu. Bwana Tsongo alivuka barabara hadi kwa Mama Loyi, ambaye alikuwa amefunika magunia kwa kanga zake mbili na kujifunika mwenyewe kwa kiroba. Akamweleza yote, na akamwonyesha picha. Mama Loyi aliitazama muda mrefu.

"Huyu mutu iko na mbwa kwa nafasi yangu, ni nani?"

"Huyo ni wa programu."

"Sawa. Na hii biro yako, hii ofisi, kumbe ni refu hivi?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

"Basi jenga yote, Shefu. Ukijenga kipande, yule mama atauliza ingine iko wapi."

Hoja ilikuwa nzito, nayo ilitolewa na mtu asiye na cheti. Bwana Tsongo alikuwa na mbao, nguzo za mikaratusi na mabati aliyoyaweka kwa ajili ya nyumba yake ya Bulembia. Yote yakapakiwa kwenye lori. Mafundi walifanya kazi siku nne, na Mama Loyi akawa mshauri. Alishauri nguzo zikae hatua tatu tatu, ili ofisi isitingishike, na ikatokea kwamba hatua tatu ndizo zinazotosha mtu na magunia yake. Alishauri pia mabati yapigiliwe chini ya mbao za sakafu, yakiinama kidogo, ili vumbi la viatu vya Mkurugenzi lisiwaangukie wananchi. Bwana Tsongo aliguswa sana na heshima hiyo.

Sakafu ilipofika mwisho wa soko, mabati na mbao vilikuwa vimekwisha, na ofisi haina ukuta wala paa. Zilibaki mbao za fremu moja ya dirisha, ikasimamishwa mahali pa dirisha la tatu.

Ijumaa mvua ilianza asubuhi, ile ya masika yenyewe, inayoshuka kutoka milimani bila kuaga. Gari la Bi Natukunda lilisimama barabarani. Hakushuka. Alishusha kioo nusu, akainua picha, akaitazama, akamtazama Bwana Tsongo nyuma ya fremu, tai nyekundu imemganda kifuani. Akatia alama ya vema.

"Vizuri sana," alimpazia sauti. "Nitakuwa napita mara kwa mara, bila taarifa."

Gari likaondoka. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Wanawake thelathini walikuwa wanamngoja huko chini, wameketi kwa mistari, magunia yamefunguliwa, na unga mweupe, mkavu, unapimwa kwa debe kuwauzia Wakongomani waliokuwa wamekimbilia humo kujikinga. Mvua ilikuwa inapiga ofisi ya Mkurugenzi na kutiririkia mtaroni, wala tone halikupenya.

Bwana Tsongo alilala kifudifudi, akachungulia ukingoni.

"Mama Loyi, huko chini kuna nafasi ya mtu mmoja?"

Mama Loyi alimwinulia macho kwa huruma ya kweli, mikono yake ikiwa imejaa unga.

"Nafasi iko, Shefu. Lakini yule mama akirudi, akute biro haina mutu?"

Bwana Tsongo alifikiri. Akasimama, akamwaga maji yaliyojaa kwenye kiti chake, akaketi.