Kangaga ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye nyumba kapita. Ukuta wa uani utapigwa lipu Jumamosi. Nikamwambia vyema. Halafu nikakumbuka kangaga ya mke wangu.

Imeota kwenye ufa kati ya mawe mawili, ndogo kama kiganja, kijani masika na kiangazi. Kila asubuhi aliimwagia kikombe cha maji. Mimi niliiita uchafu. Mara mbili niliikwangua kwa kisu changu cha kukatia soli, mara mbili ikachipua. Sasa ni mwezi wa nne hayupo, na mwenye kushika kikombe ni mimi.

Shemeji, mdogo wa marehemu, anataka ihamishiwe kaburini. Nikamjibu mipango imeshakamilika. Mipango yenyewe sina.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamua kuuokoa ukuta wote. Nimemwambia mwenye nyumba kwamba mmea ule ni dawa. Akauliza ya nini. Nikasema kikohozi, ndicho kilichonijia mdomoni. Kumbe mama yake anakohoa. Kaondoka na majani saba. Lipu iko palepale.

Jumatano, 5 Machi
Bibi kalala vizuri. Mwanawe karudi kuchukua mengine. Ningekataaje?

Shemeji akakuta kipara. Nikasingizia konokono. Akasema konokono huyo lazima ana vidole.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi wa lipu kaja kupima ukuta, akanikuta nachokonoa. Akanishauri nitoe jiwe zima, kwani mizizi imejificha ndani ya chokaa. Nikamwambia nimeshika vyombo vya kazi kabla hajazaliwa. Sikusema kwamba ni vyombo vya viatu.

Kangaga imetoka. Mizizi imebaki ukutani. Nimeipanda kwenye kopo, nikalijaza samadi na maji hadi yakafurika. Mapenzi hayapimwi.

Ijumaa, 7 Machi
Majani yamegeuka manjano, yamelala juu ya tope. Nimewahi kuona mtu akilala hivyo. Sikushona kiatu hata kimoja leo.

Shemeji kaja. Nikasema mmea umepumzika. Akalitazama kopo, akaketi kwenye kigoda cha wateja.

“Dada alijua unaikwangua,” akasema.

Nikamuuliza alisema nini.

“Alisema, mwacheni, hana jingine la kufanya na mikono yake.”

Miaka yote ile nilidhani namkomesha. Nikainamia kiatu kisichokuwa na mwenyewe, nikajifanya natafuta uzi. Shemeji naye akajifanya ananitafutia.

Jumamosi, 8 Machi
Lipu imepigwa. Ukuta mweupe, hauna jambo.

Ila fundi alianza kazi mapema. Nyuma ya tangi la maji alikuta kangaga nyingine, kichanga cha majani matano. Akang'oa jiwe zima, akampa shemeji, si mimi. Sikumlaumu.

Tumelibeba hadi makaburini, kila mmoja upande wake, bila kugombana. Tumeliweka kichwani mwa kaburi, chini ya kivuli cha ukuta wa makaburi. Shemeji kaniapisha: nisilisogeze, nisitie samadi, maji kikombe kimoja. Mmea huu unataka kivuli na kuachwa. Nikaapa. Nikalia pia, na safari hii sikutafuta uzi.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kaburini peke yangu. Nikakaa naye hadi miguu ikafa ganzi. Nikamweleza habari za bibi na kikohozi chake. Nikamwomba radhi kwa kile kisu.

Kangaga ipo hai. Lakini pale kivulini pana baridi, na mke wangu hakupenda baridi. Hata mwisho alikuwa akiniomba nisogeze kitanda dirishani, nami nikisema kesho.

Nimelisogeza jiwe upande wa pili, linapopigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni. Limependeza sana. Shemeji atashukuru akiona.