Kambale Wangu Anakula Jiwe

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo nimemkamilisha. Mnyama mkuu kuliko wote waliowahi kubuniwa Lubumbashi. Nimemwita Kambale Mfalme. Ana miguu mingi, magamba ya shaba mgongoni, na ukubwa wa yale malori yanayobeba madini kwenda mpakani. Nimemchora juu ya ubao uliopaswa kuwa kibao cha saluni. Saluni itasubiri.

Nieleze vizuri, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu. Madame Christiane, mwalimu wa biolojia, ameanzisha kundi la watu wanaobuni dunia pamoja. Dunia yenyewe ni kisiwa. Binadamu wameondoka, wameacha kuku, kambale na mchwa tu. Mamilioni ya miaka yamepita. Kazi yetu ni kubuni wanyama waliotokana na hao. Unatuma mnyama wako kwenye kundi la WhatsApp, wenzako wanatoa maoni, unarekebisha, mnyama anakubaliwa. Aliye bora atachorwa kwenye ukuta wa shule ya Madame, ule mrefu unaotazama barabara.

Na mchoraji wa ukuta huo ni nani? Rigobert Kasonde. Mimi. Nusu ya vibao vya maduka ya katikati ya mji ni mkono wangu. Kwa hiyo mambo yameshajipanga. Nimemtuma Kambale Mfalme. Nasubiri pongezi.

Jumanne, 9 Septemba

Hakuna pongezi. Kuna maswali.

Clément Kapinga, kijana anayeuza dawa kwenye famasia karibu na posta, ameuliza kwa adabu kambale wangu anakula nini. Nimejibu: kila kitu. Madame Christiane akaandika kwamba mnyama wa ukubwa huo, kwenye kisiwa kidogo, akila kila kitu atakimaliza kisiwa kabla ya mvua kurudi, kisha atakufa njaa. Nikajibu kwamba basi anakula jiwe. Halafu mtu mmoja akaweka kile kikatuni cha uso unaocheka.

Wacheke. Chini ya kisiwa kumejaa jiwe la kijani, la shaba. Na hapa kwetu nani asiyekula kutokana na jiwe? Anayelichimba anakula. Anayelibeba anakula. Anayelikagua anakula kuliko wote. Kambale peke yake ndiye akatazwe? Nimeyaandika haya yote kwenye kundi. Madame amesema hoja ni nzuri, ila ni ya uchumi, siyo ya biolojia.

Sirekebishi hata ukucha.

Jioni Clément naye akatuma wake. Kuku kipofu! Anaishi ndani ya kichuguu, anakula mchwa, macho yamefutika kwa sababu gizani hayana kazi. Rangi ya vumbi. Mdogo kama ngumi. Na watu wamempenda papo hapo. Mioyo myekundu kila mahali. Nimeacha nusu ya bukari, ugali wetu, sahanini. Mke wangu Bijou ameuliza kama ninaumwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Nina mpango. Kama maoni yanaweza kumsumbua kambale, yanaweza kumwangusha kuku. Sheria ya Madame inataka maoni ya kweli na ya kina. Vizuri sana. Nitakuwa wa kweli na wa kina mpaka kuku wa Clément alale chali.

Nikaanza. Kuku asiyeona anawajuaje vifaranga wake? Atawakanyaga. Mvua ikibomoa kichuguu, akatoka nje, ataangukia shimo la kwanza atakalokutana nalo. Na mchwa askari je, watamwangalia tu akiwala ndugu zao? Hoja ilifuata hoja, mpaka kidole gumba kikaniuma. Nikatuma. Nikalala usingizi wa mchana kama mtu aliyemaliza vita.

Ijumaa, 12 Septemba

Clément amenishukuru.

Anasema hakuna aliyemsoma kuku wake kwa uangalifu kama mimi. Amempa ngozi ngumu miguuni na usoni, mchwa wang'ate wachoke. Kuhusu vifaranga na shimo ameomba muda, kuna mtu anataka kumuuliza kwanza. Madame ameandika kwamba hivi ndivyo maoni yanavyotakiwa kuwa, na wengine wote waige mfano wa Monsieur Rigobert.

Nimekwenda kubomoa, nimejenga! Lakini sirudi nyuma kwa tusi dogo kama hilo. Nimeuliza: humo ndani, na joto lile, kuku anapoaje? Kabla jua halijazama Clément akamnyoa shingo yote, ngozi tupu, ili joto litoke. Mioyo imeongezeka. Mwanamke mmoja wa Kampemba ameandika kwamba anatamani kumfuga.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimekosea mahali. Kambale Mfalme hana haja ya kumwangusha mtu. Anachohitaji ni sauti nzito ya kumsifu.

Bijou ana simu ya pili, ya wateja wake wa cherehani. Nimeiazima alipokwenda kumwagilia mboga kwenye shamba letu la Annexe, nje kidogo ya mji. Mara mtu mpya akaomba kuingia kwenye kundi: Professeur Mutale wa Kipushi, mtaalamu wa samaki wa kale. Madame akamfungulia. Profesa akaandika kwamba katika utafiti wake wote hajakutana na mnyama aliyebuniwa kwa akili kama Kambale Mfalme, na kwamba kula jiwe ni jambo linalojulikana sana huko Ulaya.

Clément amemsalimia Profesa kwa heshima, akamwomba amtajie samaki mmoja wa Ulaya anayekula jiwe. Profesa amejibu kwamba ni wengi mno.

Jumanne, 16 Septemba

Balaa. Madame amemwalika Profesa Mutale shuleni Jumamosi, siku ya kuchagua mnyama wa ukuta. Profesa amekubali. Angekataaje? Ameshajisifu kupita kiasi.

Nimempigia Aaron, mtoto wa baba mdogo, anayefanya biashara ya mpakani kule Kipushi. Angalau Kipushi itakuwa kweli. Aaron ana kitambi, ana miwani, na sauti yake ni ya mtu anayesoma misa. Amekubali, kwa sharti kwamba Jumapili atakula kwetu. Nimemfundisha kwa simu kusema "évolution" na "adaptation". Akibanwa, aseme "bila shaka".

Alhamisi, 18 Septemba

Bijou amegundua. Mteja alitaka kuulizia gauni lake, akakuta picha ya samaki na jina la profesa. Akaja mpaka nyumbani kuuliza kama mshonaji amehama.

Bijou hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa mbele ya cherehani, mikono mapajani, akaniita kwa jina la mtoto wetu, akasema: "Papa Lydie, ile namba bantu bananijuaka nayo. Kesho nikipita ku soko, ni miye njo batasalimia: bonjour professeur."

Nimemweleza kwamba ni kwa ajili ya sayansi. Akataka kujua sayansi inasemaje juu ya kibao cha saluni, maana mwenye saluni naye alikuja. Nikatoka uani kuwaangalia kuku wake. Niliwaangalia kwa muda mrefu. Hakuna hata mmoja kipofu.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika haya nikiwa nimekasirika, na nina haki.

Tulikutana darasani kwa Madame, madirisha wazi, jakaranda imemwaga maua hadi mlangoni. Aaron aliingia amevaa koti lake la harusi. Watu wakasimama. Nilimsimamisha Kambale Mfalme ubaoni, nikamwelezea kuanzia masharubu hadi mkia. Madame alipomgeukia Profesa, Aaron akasema "adaptation", akatulia, akasema "bila shaka". Ilikuwa vizuri sana. Nilianza kuuona ukuta.

Halafu Clément akaingia amemshika mkono mama mmoja mzee, kitambaa kichwani, macho yametulia sehemu moja. Ni mama yake, Mama Mujinga. Aliacha kuona miaka mingi iliyopita. Sikujua. Nani alinieleza? Clément akasema kwamba maswali yangu yalimshinda, ndipo akaenda kumuuliza yeye.

Mama akataka kujua nani aliandika habari ya shimo. Watu wote wakanitazama, nikawa sina budi kujibu kwamba ni mimi.

"Uliandika bien, papa," akasema. "Miye nilianguka mu shimo, mara mingi. Batoto sikubaambia. Juu ya maneno yako njo Clément aliniuliza, na miye nikamwambia yote."

Akaeleza. Macho yalipokwisha alijificha, aliwadanganya watoto kwamba majeraha ni ya jikoni. Watu wakienda kazini alikuwa anajifunza uwanja wa nyumba kwa kisigino. Unapiga chini, unasikiliza. Ardhi ngumu inajibu vingine, ardhi yenye tundu inajibu vingine. Wajukuu anawatambua kwa mwendo wao, hakuna anayekanyaga kama mwenzake. Clément amempa kuku hayo yote. Kuku wake anapiga mguu chini kabla ya kila hatua, na kila kifaranga ana mwendo wake.

Mama akauachia mkono wa mwanawe. Akapiga kisigino kwenye sakafu ya darasa, akaja peke yake kati ya madawati, taratibu, akasimama mbele ya magoti yangu. Nikavuta miguu yangu nyuma ili asijikwae. Ni kwa ajili ya viatu, nilikuwa nimeving'arisha.

Hapo Aaron akainuka, wala hakuna aliyemwita. Alikuwa amevua miwani.

"Ya Rigo, unisamehe," akasema mbele ya watu wote. "Ile kuku iko ya kweli. Miye, Professeur Mutale, nachagua kuku."

Ya Rigo! Kaka Rigo! Mtu wangu mwenyewe, nauli yangu mwenyewe! Mikono ikainuka darasa zima. Kuku ameshinda.

Nilisimama nikasema kwamba hii ni fitina, na kwamba watake wasitake anakula jiwe. Nikabeba ubao wangu nikaondoka. Haukupita vizuri mlangoni. Clément alinisaidia kuugeuza.

Jumapili, 21 Septemba

Aaron amekuja kula. Haya hana. Amemaliza sombe, majani yetu ya muhogo, na samaki, akamsimulia Bijou habari za kuku kana kwamba alimbuni yeye.

Mchana Madame Christiane amepiga simu. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Sare za shule yake anazishona Bijou, na ile namba anayo. Nikamuuliza kwa nini basi alimwalika Profesa. Akasema alitaka kuona nitamtoa wapi. Kisha akasema hivi, nanukuu ili kizazi kijacho kione ninavyotendewa: "Monsieur Rigobert, weye unaonaka fasi kila nyama inaweza kufa. Ya kwako tu njo hauone." Fasi ni mahali, kwa watakaosoma wakiwa mbali.

Akaongeza kwamba Clément anataka jina langu liandikwe ukutani kando ya lake, kwa sababu kuku yule ni wangu pia. Nimekataa. Jina langu litakaa chini ya kambale au halikai popote. Bijou, aliyekuwa anasikiliza, amesema mtu anapewa nusu ya ushindi na anaitupa kwa sababu haina magamba. Kazi ya kuchora nimeikubali. Kazi ni kazi.

Jumatano, 24 Septemba

Nimemchora kuku. Mkubwa, kwa mkono wangu bora. Nitafanyaje, watu wanaujua mkono wangu.

Rangi ya miguu nimeichanganya na mchanga, ikawa nene, ya kushikika. Siyo kwa ajili ya mtu. Ukuta ule una nyufa, unahitaji rangi nene. Alasiri Clément akamleta mama yake. Mama Mujinga akapitisha vidole kwenye miguu, polepole, kucha kwa kucha, akatabasamu. Halafu akasema mguu wa kushoto ni mfupi.

Nimerudi nyuma, nimeangalia. Nimeurefusha. Ulikuwa mfupi, basi.

Clément alisimama kando yangu akaniuliza tena juu ya jina. Nikamwambia asogee, ananizibia mwanga. Alipoondoka nikamalizia mandhari. Nyuma ya kuku, mbali, kuna jiwe la kijani. Jiwe limeng'atwa upande mmoja. Meno yanaonekana wazi ukikaribia. Sijamweleza mtu ni nani amelila.

Ijumaa, 26 Septemba

Madame amefungua msimu mpya. Safari hii ni mchwa. Amenitangaza kwenye kundi kuwa mkuu wa maoni, nisome kila mnyama kabla ya wengine na kumwandikia aliyembuni udhaifu wake. Kundi zima limepiga makofi. Bijou anasema ni heshima. Ni zaidi ya heshima. Sasa nitawaangusha kutoka juu!

Clément amekuwa wa kwanza kutuma. Mchwa anayelima uyoga kwenye mgongo wa mwenzake. Nimemkuta na kasoro tano kabla ya kumaliza chai, nimemwandikia zote bila huruma. Ameshukuru. Atajuta.

Na mimi nimemtuma wangu. Mchwa Mkuu. Ana ukubwa wa kanisa, mabawa ya shaba, na akitembea ardhi inatikisika hadi Likasi. Nimemchora usiku mzima wa jana nyuma ya kibao cha saluni, maana mbele tayari kuna kambale.

Maoni yameanza kuingia. Madame anasema kwa uzito huo miguu itavunjika. Mwanamke wa Kampemba anauliza ataishi wapi. Clément, kwa adabu yake ileile, anaomba kujua Mchwa Mkuu anakula nini.

Nimejibu: wanaouliza.