Ufunguo wa Nyumba ya Mjimwema

Jumatatu, 3 Januari 1994

Nimeamua. Nitampeleka Krupa Mjimwema kabla hajaondoka.

Jumatano ya wiki ijayo anapanda ndege na wazazi wake kwenda Leicester, Uingereza. Si kutembea. Kuhamia! Tangu kidato cha kwanza tumekaa dawati moja. Sasa sijui nitakaa na nani, ingawa shule yenyewe imekwisha na dawati halipo.

Nyumba ya Mjimwema iko ng'ambo, Kigamboni, ufukweni kabisa. Ni mali ya familia kadhaa za Upanga kwa pamoja. Kila familia hupewa pointi kila mwaka, na kulala kule kunakula pointi. Jumamosi na Jumapili hula nyingi. Asiyetumia zake anaruhusiwa kuzikodisha kwa mtu mwingine. Krupa amenisimulia habari za nyumba hiyo mpaka naijua rangi ya mapazia. Anasema ukiamka pale unaisikia bahari kabla hujafumbua macho. Mimi nikiamka hapa Kariakoo nasikia mikokoteni, halafu kaka yangu Pius akigombana na ndoo.

Siku zote Krupa alisema iko siku tutaamka pale wote wawili. Siku hiyo haikufika. Basi nitaifuata mimi.

Itakuwa siri. Asijue mpaka tuko getini.

Anayegawa pointi ni baba yake Krupa, Mzee Ashok. Ningeweza kumwuliza yeye ni nani anakodisha. Haiwezekani. Mwaka juzi alinifungulia mlango akasema karibu, nami kwa woga nikamjibu marahaba. Marahaba! Mzee mwenye mvi, na shikamoo sijampa! Tangu siku hiyo nikisikia kikohozi chake natokea mlango wa jikoni.

Nitatafuta mtu mwingine.

Jumanne, 4 Januari

Nimempata! Anaitwa Aristides. Ni dalali wa vyumba na fremu za maduka, anakaa kwenye kibaraza cha duka la vitenge Mtaa wa Msimbazi. Shati lake limepigwa pasi mpaka mikononi. Nilipita mbele yake nikarudi, nikapita nikarudi, mpaka akauliza, "Mdogo wangu, umepoteza nini?" Nikasema pointi.

Alielewa papo hapo. Akasema anazo za mwenyewe kabisa, Mzee Ronak, ambaye yuko Nairobi kwa matibabu ya macho na hata akipelekwa ufukweni hataiona bahari. Nilimhurumia sana Mzee Ronak. Aristides akasema siku hizi ni biashara huria, kila kitu kinauzika, hata zamu ya mtu kulala. Nikacheka ili nionekane wa mjini.

Lakini mimi si mjinga. Matapeli wamejaa. Jioni nikamwuliza Mama, kwa kuzunguka, mtu akitaka kupanga mahali asitapeliwe afanyeje. Mama anauza vitunguu kule shimoni, chini ya soko, na ameona mengi. Akajibu bila kuinua kichwa: usitoe kitu mpaka umeushika ufunguo. Kariakoo hii mwenye ufunguo ndiye mwenye fremu, maneno mengine upepo. Halafu akauliza ninapanga nini. Nikasema natafuta maarifa tu. Akasema maarifa hayo yaje yachambue vitunguu.

Nimechambua huku nalia. Si vitunguu peke yake. Niliwaza dirisha la kule Mjimwema.

Alhamisi, 6 Januari

Aristides anataka saa yangu. Saa ambayo Baba alinitumia kutoka Mtwara nilipomaliza mtihani! Pesa sina. Yeye anasema saa itatosha kwa Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa anaona nimelelewa vizuri.

Nikamwambia sitoi kitu kabla sijashika ufunguo. Ilibidi nirudie, maana mara ya kwanza sauti haikutoka. Akanitazama. Akasema, "Huyu binti kafundwa!" Akautoa mfukoni pale pale. Wa shaba, una utepe mwekundu. Hakusita hata kidogo. Tapeli angesita.

Sikuishia hapo. Nikataka shahidi. Akasema nina haki, akapiga mluzi, akatokea binamu yake, Augustino. Augustino akaapa kwa jina la mama yake kwamba Aristides ni mkweli. Sijawahi kuona mtu akiapa haraka vile. Alikuwa ameanza kabla hajafika.

Sikuishia hapo pia. Nikamwuliza mwenye duka la vitenge kama anamfahamu Aristides. Akasema, "Huyo? Namfahamu sana!" Alikuwa anataka kuongeza neno, lakini nilishaona haya kumsumbua, nikamshukuru nikaondoka.

Saa nimeivua. Mkono umekuwa mwepesi, kama si wangu.

Jioni Krupa akaja nyumbani. Nilimwona dirishani, nikajitupa uvunguni mwa kitanda. Ningemtazama usoni ningesema yote. Mama akamwambia sipo. Alisimama mlangoni muda mrefu. Kutoka uvunguni nilikuwa naona viatu vyake vya bluu, vile vya siku ya mahafali. Nilitamani kunyoosha mkono nimshike kisigino.

Ijumaa, 7 Januari

Krupa amekuja tena. Uvunguni tena. Alipoondoka Pius akainama, akaniona, akauliza kama nimeanza kutaga.

Krupa ameacha ujumbe kwa Pius: kesho asubuhi niende kwao Upanga bila kukosa, kuna jambo kubwa. Kesho! Siku ile ile! Haiwezekani. Nimepanga kuvuka mapema kwanza, nifagie, nipange vitumbua kwenye sahani, ndipo nirudi kumchukua. Nikamwomba Pius akimbie kumjibu kwamba nina shughuli. Pius akasema, "Shughuli ipi, dada? Mayai yameshaanguliwa?" Lakini alienda.

Nimepika vitumbua. Krupa hula ukingo kwanza, katikati anabakiza mwisho. Nimevipika vyenye ukingo mkubwa.

Jumamosi, 8 Januari

Naandika nikiwa nyumbani. Naona haya hata mbele ya daftari.

Nilivuka Magogoni kwa pantoni, nikaomba nafasi nyuma ya pikapu ya nazi mpaka Mjimwema. Geti ni la kijani, kama Krupa alivyosema. Ufunguo ukaingia. Ukazunguka! Nilitaka kupiga magoti.

Nyuma yangu mtu akasema, "We binti, unafungua nyumba yangu kwa idhini ya nani?"

Alikuwa mama mmoja, Bi Zamda, na wanawe, na godoro kichwani. Mkononi ana ufunguo. Wa shaba, utepe mwekundu. Alimpa Aristides cherehani. Tukiwa bado tunalinganisha funguo akafika bwana harusi mpya kabisa, Marcelino, na mkewe mwenye hina mbichi miguuni. Ufunguo, utepe mwekundu. Yeye alitoa baiskeli. Kila mtu akajaribu wake getini. Zote zikafungua. Bi Zamda akasema angalau fundi wa funguo si tapeli. Bibi harusi akaanza kulia, Marcelino akawa anampepea kwa kofia.

Ndipo gari likapiga honi.

Mzee Ashok. Mama Shobhana, mama yake Krupa, na masufuria mapajani. Na Krupa.

Nikaingia nyuma ya godoro la Bi Zamda, ambalo alikuwa amelisimamisha ukutani.

Mzee Ashok aliwasikiliza wote kwa upole. Kisha akasema ufunguo si kitu. Mlinzi anao, muuza samaki anao, hata yeye hajui ziko ngapi. Kinacholaza mtu humu ni pointi, na pointi ziko kwake, na aliyekuja kumwuliza hata mmoja hakuna. Huyo Mzee Ronak hamjui. Wiki hii ni ya kwake mwenyewe. Amezibana pointi zake za mwisho mwaka mzima, akakataa kuja hata sikukuu ya Diwali, ili binti yake aje kuaga bahari pamoja na rafiki yake wa shule. Ila huyo rafiki ametafutwa nyumbani kwao na hapatikani. Ana shughuli.

Nyuma ya godoro niliacha kupumua.

Bi Zamda akasema haya wanangu, twendeni, akalibeba godoro.

Nikabaki nimesimama ukutani na sahani ya vitumbua.

Krupa alifungua mdomo. Mzee Ashok akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, akatabasamu, akasema, "Karibu, mwanangu."

Nikasema, "Marahaba."

Halafu nikakimbia. Sijui kwa nini! Miguu yangu haina akili. Krupa aliniita, "Benedikta! Benedikta, rudi!" mpaka sauti ikaisha. Nilikimbia na sahani mkononi. Kwenye pantoni nilifumba macho nisikilize bahari, nikasikia injini.

Jumapili, 9 Januari

Mama amejua yote. Amesema yeye alisema ufunguo wa fremu, hakusema ufunguo wa bahari. Pius amesema pale Msimbazi fundi anakuchongea ufunguo kabla chai yako haijapoa. Amekwenda kumtafuta Aristides. Kibaraza kitupu. Mwenye duka la vitenge kasema alitaka kuniambia, lakini nilikuwa na haraka ya kushukuru.

Nimekula vitumbua peke yangu. Nimeanza na ukingo.

Jumatano, 12 Januari

Amekwenda.

Walipita Kariakoo wakielekea uwanja wa ndege. Gari lilisimama mbele ya chumba chetu, masanduku juu. Safari hii sikuwahi kuufikia uvungu. Krupa aliingia mwenyewe, akakaa kitandani, nikakaa, kama darasani.

Hakunigombeza. Alisema Jumamosi walinitandikia kitanda changu, cha dirishani, na hakuna aliyeruhusiwa kukilalia. Asubuhi aliamka akasikiliza kwa ajili yetu wawili. Nikamwuliza inasikikaje. Akafikiri. Akasema ni kama mtu anafagia uwanja, mbali, na hachoki.

Akavua bangili yake, ile nyembamba ya fedha, akanivisha mkono uliokuwa na saa. Akasema nimfuate siku moja. Nikasema nitakuja. Nilimpa shikamoo Mzee Ashok mlangoni. Ilitoka! Akaitika marahaba, akainamisha kichwa, akasafisha miwani.

Gari lilipopinda kona nilikuwa bado napunga mkono. Nadhani nilikuwa nampungia muuza maji.

Jumamosi, 15 Januari

Nimeamka mapema. Nimefumba macho. Kwa jirani walikuwa wanafagia uwanja. Nililala vile vile mpaka wakamaliza.

Mchana nikaenda Msimbazi kuulizia saa yangu. Aristides hayupo, ila nimekutana na Augustino, yule shahidi. Maskini! Kumbe naye ametapeliwa na binamu yake. Karibu alie. Amesema tangu siku ile usingizi hapati kwa ajili yangu. Mtu mwenye moyo kama huo huwezi kumfananisha na yule mwingine.

Na ajabu ya Mungu: ana shemeji yake Leicester! Pale pale! Shemeji ana chumba ambacho watu wa nyumbani wanalala kwa zamu, kwa pointi, na kuna mwenye zamu mmoja haitumii. Mwenye pointi mkononi, amesema, hata viza haimsumbui. Nilimwuliza kama kutoka hapo mtu anaweza kutembea mpaka kwa Krupa. Akauliza Krupa anakaa mtaa gani. Nikasema sijui. Akasema ni huo huo.

Anataka bangili. Nilisita sana. Lakini ni ya Krupa, na itanipeleka kwa Krupa, hatachukia.

Safari hii nimekuwa makini. Nimekataa shahidi, mashahidi nimewaona. Nimedai ufunguo kwanza, na nimeukagua kwenye mwanga, huku na huku, mpaka Augustino akacheka.

Hauna utepe.