Mabuu wa Kituo cha Sita

Jumatatu, 4 Septemba 1995. Lamadi.

Nimepata kazi. Miezi kumi na minne tangu Ushirika ufunge ghala letu Bariadi na kutuaga kwa soda moja moja. Leo nina meza tena. Ni ya kuazima, iko ufukweni chini ya turubai, lakini ni meza.

Mtafiti anaitwa Wilhelmina, rika la binti yangu Salu. Anatafuta mabuu. Wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi na kutuingia puani, kumbe utotoni wanaishi chini kabisa, kwenye tope. Wekundu, wembamba kama uzi. Anataka kujua wamejaa wapi na wapi hawapo. Vituo sita, kuanzia kwenye matete hadi kilindini. Tope linazolewa, linachekechwa, mimi nahesabu na kuandika.

Nilimweleza kwamba nimepanga madaraja ya pamba miaka kumi na tisa. Safi huku, fifi, ile chafu ya bei ya chini, kule. Akasema hapa hakuna madaraja, ni hesabu tu. Atazoea.

Jumanne, 5 Septemba.

Balaa. Mwenye mtumbwi ni Thomasi wa Binza. Mwaka 1983 niliandika pamba yake yote fifi, mbele ya foleni nzima. Sababu siikumbuki vizuri. Nadhani alichelewa kunisalimia.

Leo hakuchelewa. Alinisalimia Kisukuma: Mwangaluka, Karani. Karani! Hakuna aliyeniita hivyo tangu ghala lifungwe. Enzi zile watu walivua kofia mlangoni. Nilizamisha mkono kwenye pamba mpaka kiwiko, ya moto kwa jua, yenye harufu ya shamba, na kila mtu akasubiri nitamke daraja. Siku hizi wanunuzi binafsi wanapima barabarani, safi na fifi gunia moja. Nilipita pale Julai. Nikageuza uso.

Thomasi ndiye anayezoa tope. Wilhelmina anasema ana mkono mtulivu. Anasema pia kwamba mwakani atabaki na msaidizi mmoja tu. Nimesikia.

Jumatano, 6 Septemba.

Kituo cha kwanza, kwenye matete: mabuu 212. Cha tatu: 90. Cha tano: 11. Cha sita, kilindini: sifuri. Wakazoa tena. Sifuri. Mara ya tatu, sifuri.

Ukurasa wangu una shimo. Kwenye Ushirika, karani wa kituo kisicholeta kitu aliitwa makao makuu kujieleza. Kesho nitamwokoa huyu binti. Na Thomasi ataona nani ana mkono.

Alhamisi, 7 Septemba.

Alfajiri niliingia kwenye matete na bakuli. Ruba wawili walinishika mguuni, sikujali. Nilipata mabuu 150, nikachagua wanene. Daraja la kwanza kabisa. Nikawatia kwenye chupa za kituo cha sita.

Wilhelmina alizitazama moja moja. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Furaha humfanya mtu hivyo.

Ijumaa, 8 Septemba.

Haikuwa furaha. Kwenye chupa kulikuwa na vipande vya mizizi ya matete, na konokono mmoja. Aliniuliza kwa adabu, baba, matete yanaotaje kwenye kina cha meta arobaini? Nikasema labda ya zamani. Akaniambia nifunge mizigo.

Thomasi ndiye aliyeniombea. Alimwambia huyu mzee hajawahi kufika kilindini, ampeleke akaone kwa macho yake. Wilhelmina akakubali, kwa shingo upande. Nilitamani Thomasi angenicheka tu.

Jumatatu, 11 Septemba.

Tulitoka sisi watatu. Sikujua ziwa ni kubwa hivi. Ufukwe ukawa mstari, kisha haukuwepo. Wilhelmina alikuwa mbele, anafungua kamba. Thomasi akaacha kupiga kasia, akasema polepole:

“Karani, mwaka ule pamba yangu ilikuwa safi.”

Nilitazama maji. Nikamjibu, “Najua, Thomasi. Niliishika.”

Akaendelea kupiga kasia. Baadaye aliniazima kofia yake, maana jua lilikuwa kali.

Tope la kilindini ni jeusi na laini kama uji. Nililichekecha mwenyewe. Hakuna kitu. Wilhelmina akanieleza kwa upole kwamba hiyo sifuri ndiyo aliyoifuata huku kote: kule chini hewa imekwisha, hata buu hapati pumzi, na samaki hawana cha kula. Sifuri ndiyo habari yenyewe. Nilielewa kabisa. Niliahidi. Alinirudishia kalamu na daftari, macho yangu yakalowa.

Tuliporudi turubaini, wao walikwenda kuosha chekeche. Nikabaki na ukurasa. Binti amesafiri mbali hivi, amevumilia jua, amenisamehe. Halafu arudi kwao na sifuri?

Nimeandika tatu. Tatu ni adabu tu. Na konokono sikuweka.