Nilivyomwonyesha Mama Mkwe Kabichi za Watu

Leo nimeaibika hadi nimekosa pa kuweka uso, na nina hasira. Nyinyi wa stesheni ya Naivasha nawaandikia mapema kwa sababu watu wa gari la moshi hawaweki siri. Afadhali mnisikie mwenyewe.

Mama mkwe alikuja jana kutoka Elburgon kumchukua mke wangu. Ameambiwa (na nani? wambea tu) kwamba hapa Nakuru binti yake anakula mboga za kununua, tena zilizonyauka. Sikujali. Juzi tu nilikuwa nimempa mwenzetu Barasa baiskeli yangu aniachie kishamba chake nyuma ya landi za reli, hizi nyumba zetu za wafanyakazi, maana amehamishiwa Kisumu. Baiskeli nzima! Siku ya kunionyesha alikuwa amebeba godoro kichwani, mikono yote imelishika, akaelekeza kwa kidevu tu: "Ni hiyo hapo." Nikaona kabichi kubwa, nikaridhika. Nyapara, ambaye ndiye hugawa vishamba, alitaka twende anionyeshe vigingi vya mpaka. Nikamwambia nina macho. (Macho gani?)

Asubuhi hii nikavaa shati jeupe, nikampeleka mama mkwe na mke wangu shambani. Nikajisifu kweli. Nikaeleza ninavyoamka alfajiri kupalilia. Uongo mtupu, mnanijua. Kisha nikatoa kisu, nikakata kabichi tatu, nikazijaza kwenye kikapu cha mama mkwe.

Mama Atieno, jirani yetu, akatokea na jembe begani. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akamsalimia mama mkwe vizuri, kisha akaniuliza, "Baba, hizo kabichi zangu ni nani amekutuma ukate?"

Nikamwambia atoke kwenye shamba la watu. Tena nikapandisha sauti! Majirani wakatoka. Nyapara akaja, akatafuta vigingi, akanionyesha kishamba changu: hapo kando, chini ya lundo la jivu la injini linalonifika kifuani.

Nikawaka. Nikamwita Barasa mwizi mbele ya watu wote. Nyapara akasema Barasa hakuiba kitu. Amelalamika mwaka mzima kwamba kuna mtu anamwaga jivu kwake, hadi akachoka kulima.

"Ni nani huyo?" mama mkwe akauliza.

Mnajua kazi yangu kule karakana ni kuzoa jivu la injini. Mnajua pia shimo la jivu liko mbali, na wilbaro ya kulisukumia ni nzito.

"Si ni huyu mkwe wako," akasema Mama Atieno.

Mama mkwe akatoa kabichi moja moja kikapuni, akamrudishia mwenyewe. Mke wangu aliangalia chini, sijui analia au anacheka. Wameondoka na gari la moshi la mchana. Kabla ya kupanda, mama mkwe aliniambia kwa upole, "Mkwe wangu, mke wako atarudi siku utakayoniletea mboga ya hapo chini ya jivu."

Namkasirikia Barasa na kidevu chake, namkasirikia nyapara, na zaidi ya wote huyu mvivu mwenye wilbaro. Anayetaka kucheka aje Jumapili, na aje na sepeto ya kuzolea jivu.