Diski ya Kompyuta Zote

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Picha za harusi ya binti wa mwenye nyumba zimekamilika. Mzee amesema zikimpendeza atanipa chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara. Kwaheri uchochoro! Studio yangu itaonekana na watu. Ila anazitaka kwenye diski moja inayofunguka kwenye kompyuta yake nyeusi, kama yangu, na kwenye ile ya rangi ya fedha ya bintiye. Chumba hichohicho anakikodolea macho Fokasi, kaka wa mke wangu, mpiga picha mwenzangu. Shemeji gani huyu?

Nimenunua diski. Muuzaji aliuliza itatumika kwenye kompyuta zipi. Nikasema zote. Akaeleza kwamba kila aina ina namna yake ya kupanga diski, kwa hiyo kwanza niifomati, yaani niipange upya, kwa namna inayoeleweka na zote mbili, ndipo nitie picha. Nikaitikia kwa kichwa kama profesa. Sikuelewa hata nusu.

Jumanne, 4 Machi

Nimetia picha. Kufomati baadaye, haraka haraka haina baraka. Kisha nikafuta zilizokuwa kwenye kompyuta ili nayo ipumue.

Jumatano, 5 Machi

Kwa bibi harusi. Kompyuta yake ya fedha ilionyesha picha zote! Akalia kwa furaha. Halafu akataka kuongeza za fungate. Ikagoma. Inasoma lakini haiandiki. Ina macho, haina mikono? Nikamkumbuka muuzaji. Fomati! Nikamwambia bibi harusi asihofu, fundi yupo. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika. Nani ana uhakika katika dunia hii? Nikabonyeza ndiyo.

Sasa diski inakubali kila kitu. Ila ni tupu. Bibi harusi akalia tena, na furaha haikuwamo. Nimeomba nipewe hadi Jumamosi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekumbuka kadi ya kamera! Nilimwazimisha Fokasi baada ya harusi. Nikakimbia kwake. Akasema kadi ameshaitumia, lakini kwanza alihamishia kila kilichokuwamo kwenye kompyuta yake ya fedha. Ni mazoea yake. Nusura nimkumbatie.

Kisha machale yakanicheza. Ana picha zangu! Akimpelekea mzee, chumba kimekwenda. Nikamwapisha kwa jina la dada yake: anitilie zote kwenye diski aitumiayo na kompyuta hiyo, kisha afute za kwake. Akanisihi nikazifungue kwangu kwanza, ndipo afute. Mjanja! Nikamwambia afute papo hapo, nikiona. Akafuta, akanitazama kwa huruma. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechomeka diski ya Fokasi kwenye kompyuta yangu nyeusi. Picha hazionekani. Badala yake inasema lazima diski ifomatiwe kabla ya kutumika. Kumbe! Sasa nimemwelewa muuzaji. Kwanza fomati, ndipo picha. Juzi nilikosea utaratibu tu. Mke wangu ananipigia kelele kutoka jikoni nisiguse kitu, kaka yake yuko njiani. Nimsubiri wa nini? Mimi mapazia ya chumba cha mbele nimeshayapima.

Kompyuta inauliza kama nina uhakika. Safari hii ninao.