Mikono ya Mama Mbele ya Juri

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Msiba! Profesa Albert amebandika mada ya kazi ya mwisho kwenye mlango wa atelye, chumba chetu cha kuchorea. Mtu na kazi yake. Chini yake, kwa wino mwekundu: mikono ionekane. Yote miwili! Amenilenga mimi, hakuna mwingine. Huo ni wivu.

Mimi, Sadiki, niko mwaka wa mwisho wa uchoraji hapa Baraka, na mikono hainipendi. Nikichora vidole vinatoka kama chane ya ndizi. Mwaka wa kwanza nilichora mzee mwenye mikono mfukoni. Mwaka wa pili, mchungaji nyuma ya mimbari. Mwaka jana, mapacha wamekumbatiana, mikono yote imepotelea migongoni. Nikaeleza kwamba binadamu wa kweli huficha nusu yake. Nilipigiwa makofi! Sasa walimu wameamka.

Baba ana boti ya mizigo ziwani. Amesema nikianguka nitakuwa mfanyakazi wake, kazi yenyewe kuchota maji yanayoingia botini. Nikamuuliza mpaka lini. Akajibu mpaka maji yaishe.

Jumanne, tarehe 4

Akili haikai bure! Nitamchora mama. Mama anauza maandazi sokoni, na kila asubuhi anakanda unga, mikono imezama. Kazi ipo, mtu yupo, mikono iko ndani. Nani atalalamika?

Nilipomwambia, mama aliacha kila kitu. Akaenda kuoga. Akarudi amevaa kitenge cha Krismasi na wanja machoni, akaketi mbele ya karai la unga kama mke wa gavana. Nikamwomba azamishe mikono zaidi. Akazamisha. Zaidi kidogo. Akazamisha hadi viwikoni, kitenge chote kikachafuka.

Jioni akaja kuangalia.

"We mutoto," akasema, "mi nilikulea na nini? Na viwiko?"

Nikamweleza kwamba ni mtindo. Akasema mtindo hauna adabu.

Jumatano, tarehe 5

Profesa Albert amepita atelye. Akauliza mikono iko wapi. Nikasema iko ndani ya unga, na unga uliokandwa ni ushahidi kwamba mikono ipo. Jibu zuri sana, hata mimi nilishangaa. Yeye akasema, kama ni hivyo, unga ndio utakaopewa diploma.

Wenzangu walicheka. Pulchérie peke yake hakucheka. Alinihurumia. Afadhali angecheka.

Alhamisi, tarehe 6

Habari za Pulchérie. Katoka Nundu, kwao ni wavuvi. Mwaka jana alichora mikono ya baba yake inashona wavu, ukiitazama unataka kusema shikamoo. Hajisifu hata siku moja. Huko nako ni kujisifu.

Leo nimejishusha. Nimemwomba anichoree mikono ya mama, kwa siri, mimi nimalizie sura. Akauliza kwa nini nisijifunze. Nikasema muda hautoshi. Akasema miaka mitatu ilitosha. Huyu msichana ana maneno makali!

Mwishowe akakubali, kwa bei moja: nisimame mbele ya promosyo nzima, darasa letu lote, niseme yeye anachora kunishinda. Nikamwomba nipunguziwe, niseme tu ananikaribia. Akakataa. Nikaomba niseme kwa Kifaransa, haraka haraka. Akakataa pia.

Ijumaa, tarehe 7

Nimesema. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo limeniumiza.

Jumamosi, tarehe 8

Pulchérie kaja nyumbani kuiona mikono. Mama nilimwambia tu kwamba ni mwenzangu, anakuja kunisaidia kidogo. Sikuona haja ya kumchosha na maelezo.

Kosa! Mama akamuuliza ni mtoto wa nani, ukoo gani, kanisa gani. Akampikia sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mukeke. Pulchérie akapewa kipande cha katikati, mimi mkia. Kisha wakaketi uani, Pulchérie ameshika mkono wa mama, anaugeuza huku na huku, anachora, anauliza, anachora tena. Wakacheka muda mrefu. Nilitokeza kichwa kuuliza kama kazi inaendelea. Mama akaniambia nilete maji ya kunywa.

Mikono imetoka. Mungu wangu! Unga kidogo tu juu ya vidole, ngozi, mishipa, kila kitu. Usiku nimeichunguza kwa tochi na kuweka sahihi yangu kwenye kona. Sahihi imetoka vizuri sana.

Jumatano, tarehe 12

Siku ya juri. Niandike haraka kabla moyo haujapoa.

Majaji walikuwa watatu: Profesa Albert na wageni wawili wa kutoka Bukavu. Mkubwa wao, Madame Suzanne, mama mnene wa sauti ndogo. Alisimama mbele ya picha yangu mpaka nikaanza kutoka jasho. Halafu akasema amesafiri njia mbaya kutoka Bukavu, lakini kwa mikono hii hajuti.

Nikainamisha kichwa kama wanyenyekevu wanavyoinamisha. Nikaanza kueleza. Nikasema ninapochora mikono huwa nasikiliza kwanza. Nikasema mikono ni mlango. Nilikuwa nakaribia kusema ni mlango wa nini, mama akaingia.

Hakuna aliyemwalika! Kitenge cha Krismasi, kimefuliwa. Karai la maandazi kichwani, kwa ajili ya juri. Madame Suzanne akamtambua kwa mikono yake, akamwita karibu, akamsifia ile mikono. Mama akajaa furaha.

"Asante, mama! Ile mikono Pulchérie ndiye aliichora. Huyu wangu alichora sura tu. Ndiyo maana haifanane na mutu."

Hata nzi kwenye maandazi walinyamaza. Nikasema mama amepigwa jua njiani. Mama akasema jua gani, amekuja na pikipiki.

Ndipo Pulchérie akasimama mwenyewe. Akasema ni kweli, na kama ni adhabu, wapewe wote wawili. Nikawaza kwamba adhabu nzima ingemtosha yeye, kwa kuwa ndiye mwenye kipaji.

Madame Suzanne hakupaza sauti. Akaweka kiti, akamketisha mama, akanipa karatasi na kipande cha mkaa. Mkono mmoja tu, akasema. Hapa hapa.

Mama akanyoosha mkono wa kuume. Macho yangu yakatafuta mfuko. Hakuna mfuko. Kikapu. Hakuna. Ikabidi nitazame.

Kucha zilikuwa na unga. Kidole cha shahada kimepinda kidogo. Karibu na gumba kulikuwa na alama inayong'aa, kama tone la nta. Nikamuuliza polepole alipata wapi.

"Ulikuwa unatambaa," akasema. "Ulitaka kushika karai ya mafuta ya moto. Mi nikaweka mukono."

Basi.

Nikachora. Kidole kimoja kilitoka kirefu mno, kingine kikatoka kama ndizi, kama kawaida. Lakini ile alama ilikaa pale inapokaa. Sijui ilikuwaje. Nilisahau juri, nikasahau hata kuwa na hofu. Mama akainama kuangalia.

"Ee," akasema. "Huu ni wangu."

Profesa Albert alifuta macho, akasingizia kwamba andazi limemkwama kooni.

Alhamisi, tarehe 13

Matokeo. Pulchérie amekatwa alama kwa kunisaidia, na bado ameongoza! Mimi nimepewa sifuri kwa picha. Nitarudi kwenye duru ya pili ya mitihani, mwezi wa tisa, na picha ileile ya mama, mikono nikiichora mwenyewe.

Madame Suzanne aliniita pembeni kabla ya kuondoka. Akaniambia kwamba mchoro mmoja wa jana unazidi kazi zangu zote za miaka mitatu, na wala haujawa mzuri. Akasema niketi na mama kila siku, nitazame, nichore, nikosee, nichore tena. Hakuna njia nyingine. Akanishika bega. Machozi yakanitoka. Nilimwambia ni moshi.

Mama ameubandika mchoro ukutani sebuleni. Baba ameutazama, akauliza ni samaki gani. Kisha akasema mpaka mwezi wa tisa boti inanisubiri. Pulchérie ametuma ujumbe, amejitolea kunifundisha bure kila Jumamosi. Bure! Nimeguswa sana. Nimeapa kubadilika.

Jumapili, tarehe 16

Nimekuwa nikitafakari maneno ya Madame Suzanne. Ni maneno mazito. Kila siku, alisema. Kila siku ni siku nyingi.

Nikasoma tena mada ya Profesa Albert. Mikono ionekane. Sawa. Lakini ni wapi imeandikwa kwamba iwe mitupu?

Binamu yangu Nadia ni muuguzi, anakaa Nundu. Nimepanda pikipiki baada ya chai, nikarudi na glavu zake mbili za kuzalishia, ndefu, nyeupe. Ee Mungu, ni uzuri gani! Hazina kucha. Hazina mishipa. Hazina mikunjo. Hata mimi naweza kuzichora! Kichwa cha picha kiko tayari: Mama Anapambana na Uchafu. Juri italia. Pulchérie nimemwambia Jumamosi nitakuwa na shughuli.

Mama amezivaa. Amekanda nazo unga, unga wote umenasa, maandazi ya leo yametoka na ladha ya duka la dawa. Amelalamika kwamba zinambana na hahisi anashika nini.

Nimemwambia avumilie. Sanaa inataka jasho.